UZI: Kibra ilikuwa kijiji kabla Nairobi haijawa jiji. Tuyaandike majina yake kabla hayajapotea

#1 MwanaWaMakina

Wadau, hamjambo.

Juzi nilikuwa kwenye matatu natoka mjini, tumekwama karibu na Adams Arcade. Kiti cha mbele walikaa vijana wawili, mmoja akimweleza mwenzake kwamba Kibera ilianza miaka ya sabini, watu walipotoka mashambani kuja kutafuta kazi wakakosa pa kulala. Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa nakaribia kushuka, na mpaka leo kunyamaza kule kunaniuma. Babu yangu alizaliwa Kibra kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Baba yake amezikwa papo hapo Kibra. Basi niacheni niandike hapa yale niliyopaswa kuyasema ndani ya matatu.

Tuanze na jina. Ni Kibra, si Kibera. Kwa Kinubi, lugha yetu sisi Wanubi, Kibra ni msitu. Waliokuja baadaye walilitamka kwa ulimi wao, karani akaliandika alivyolisikia, likakaa. Eneo la ubunge lilipomegwa kutoka Lang'ata kwa ajili ya uchaguzi wa 2013, likaandikwa Kibra. Nyanya yangu alikuwa hai. Alimwita mjukuu amsomee gazeti mara mbili ahakikishe herufi.

Na palikuwa msitu kweli. Anayetaka kuona palikuwaje zamani aende upande wa magharibi, aingie kile kipande cha msitu kilichobaki kando ya Ngong Road, asimame chini ya miti dakika chache. Kabla ya wazee wetu, Wamasai walikuwa wakilisha na kunywesha mifugo sehemu zote hizi.

Wazee wetu walikuwa askari. Hadithi yao inaanzia mbali, jimbo la Equatoria, kusini mwa Sudan, lililokuwa chini ya serikali ya Misri na gavana wake akiitwa Emin Pasha. Vita vya Mahdi, kiongozi wa dini aliyeasi huko Sudan, vilipokata njia ya kaskazini, jeshi la jimbo lile lilibaki limetengwa kama liko kisiwani. Mwaka 1889 Emin akaondoka na Stanley, msafiri Mzungu aliyekuja kumwokoa, kuelekea pwani. Askari wengi wakabaki na wake zao na watoto wao karibu na Ziwa Albert, chini ya mkubwa wao Selim Bey. Mwaka 1891 Kapteni Lugard, aliyekuwa akitumikia kampuni ya Waingereza, akawafuata huko na kuwaingiza katika kazi yake Uganda. Mwaka 1902 vikosi mbalimbali vikaunganishwa, likazaliwa jeshi la King's African Rifles. Wazee waliliita KeyAR, wengine wakasema Keya. Ukisikia mzee anasema "wakati wa Keya", ndilo hilo.

Waingereza waliwaita wote "Wasudani", kana kwamba ni kabila moja. Sivyo. Humo mlikuwa na Wabari, Wakakwa, Wamadi, Walendu, Waluru na wengine wengi, waliounganishwa na bunduki, Uislamu na lugha ya kambini. Lugha hiyo ndiyo Kinubi, Kiarabu kilichosagwa na kukandwa upya midomoni mwa Waafrika. Ndiyo maana Kibra tuna, au tulikuwa na, Kambi Lendu, Kambi Aluru na Kambi Muru. Mtu anapita Kambi Muru kila siku akienda kazini, hajui kwamba anatembea juu ya jina la watu waliotoka kwa miguu zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapo.

Walianza kukaa Kibra mwaka 1904, kando ya kambi yao. Walikuwa wamelitumikia jeshi miaka mingi, pensheni hawana, na nyumbani hakukuwa na njia ya kurudi. Mwaka 1918 eneo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, ekari 4,197. Kuishi humo ulihitaji cheti, nacho kiliitwa "shamba pass". Shikeni hicho cheti kichwani, nitakirudia.

Nitaendelea na alama za kijiji jioni. Nina kazi.

#2 MpendaRamani

Mkuu, endelea. Nimefungua ramani ya zamani hapa. Ekari 4,197 ni kubwa kuliko nilivyodhani. Mpaka ulifika wapi?

#3 MwanaWaMakina

@MpendaRamani swali zuri sana. Anza na Kibra unayoijua wewe, halafu ongeza juu yake Woodley, Jamhuri, Ayany, Olympic, Fort Jesus, Salama, Karanja, Ngei na Otiende. Hizo zote ni estate zilizojengwa juu ya ardhi ya kijiji cha zamani, kipande baada ya kipande, nyingine enzi za mkoloni, nyingine baada ya uhuru. Kila estate ilipokuja, wenye nyumba walisogezwa ndani. Wengine walipewa nafasi ya kununua humo, wengi hawakuwa na uwezo.

Sasa ile shamba pass. Cheti kilikuruhusu kukaa na kulima. Hakikusema ardhi ni yako. Mwaka 1928 Kibra ikatolewa mikononi mwa jeshi ikawekwa chini ya utawala wa kiraia, na tume ya ardhi ya Carter, iliyoanza kazi 1932, ilipoulizwa hawa watu ni nani hapa, jibu lake likawa kwamba ni wapangaji wa Mfalme kwa hisani yake tu. Neno hilo la "hisani" limetufuata maisha yetu yote. Serikali ya uhuru ililirithi pamoja na majengo na mafaili.

Mwezi wa Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta alikabidhi jamii ya Wanubi hati ya ardhi ya pamoja. Ekari 288. Piga hesabu mwenyewe, hata asilimia 7 ya zile za mwanzo haifiki. Lakini naapa, siku ile wazee walilia. Miaka mia na ushei wanaitwa wageni, halafu unashika karatasi yenye jina lako! Mimi nilikuwa na hasira kwa sababu ya zile ekari nyingine, baba akaniambia, "Hasira yako weka kesho, leo niache nifurahi."

Haya, alama za kijiji.

Makaburi. Haya ndiyo ninayoyatanguliza mbele ya kila kitu. Makaburi ya Waislamu ya Kibra yapo mpaka leo, na bado tunazika humo. Wageni wanaona nyasi na mawe. Sisi tunaona daftari. Kwa miaka mingi wakati hatuna hati yoyote, mzee akiulizwa ushahidi kwamba Kibra ni kwao, alikuwa anaonyesha makaburi kwa fimbo. Mgeni hazikwi miaka mia mahali pamoja na watoto wake na wajukuu zake. Babu wa baba yangu hana jiwe lenye maandishi, ana mawe manne yaliyopangwa na mti mdogo. Naujua ule mti tangu nikiwa na miaka sita, nilipokuwa naletwa kila Idi.

Msikiti wa Makina. Ndio moyo wa Makina, mtaa mmojawapo wa Kibra. Kuuzunguka kulikuwa na nyumba za Kinubi zenye nafasi baina yao, kila nyumba na ua, mahindi nyuma, ng'ombe wawili watatu. Nyanya alisema wakati wa usichana wake, ukitaka kumwita jirani ulipaza sauti, kwa kuwa kati yenu palikuwa na shamba. Leo ukikohoa, jirani anakwambia pole kupitia ukuta wa mabati.

Laini Saba. Jina hili halina uhusiano wowote na foleni. Wenyeji wanasema ni la wakati wa Keya, palipokuwa uwanja wa shabaha wa askari, na laini ya saba ya kulenga ilikuwa huko. Soko, kanisa, kliniki, shule, vyote vya leo vimesimama mahali risasi zilipokuwa zikipita.

Silanga. Hapa ndipo ninapofurahi. Watu wengi wa leo wanadhani ni jina tu. Silanga ni bwawa, neno linalotumika sana Kenya hii hasa Ukambani. Na kijiji cha Silanga kiko wapi? Juu ya Nairobi Dam, iliyojengwa 1953. Jina linakuonyesha bwawa hata siku ambayo bwawa lenyewe huwezi kuliona.

Mashimoni na Kichinjio yanajieleza. Kianda ni bonde kwa Kikuyu, na ukisimama pale utaona kwa nini. Soweto inajulikana ilikotoka. Kisumu Ndogo pia.

#4 BintiWaMajengo

Kaka, umenigusa. Mimi ni mjukuu wa Majengo, Pumwani. Naomba niongeze ili watu wasidhani Kibra ilikuwa peke yake.

Nairobi ya mwanzo ilikuwa na vijiji vya Waafrika kuuzunguka mji wa Wazungu na Wahindi. Kulikuwa na kijiji cha Mombasa, kijiji cha Maskini, Kaburini, Pangani, hata Kileleshwa kilikuwa kijiji. Halmashauri ya mji ilipofungua Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, vile vya mjini vikaanza kubomolewa. Pangani ilikaza shingo mpaka mwisho wa miaka ya 1930. Wenye nyumba wa Pangani ndio waliojengewa Shauri Moyo. Bibi alikuwa akisema jina lile lilitokana na walivyoambiwa: ukitaka kwenda au hutaki, hilo ni shauri la moyo wako.

Na jambo ambalo halisemwi vya kutosha: nyumba nyingi za Pangani na Pumwani zilikuwa mali ya wanawake. Nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele. Wanawake waliokuja Nairobi hawana kitu walimaliza maisha yao wakiwa na mlango wao na funguo zao. Kibra je, wanawake walimiliki?

#5 MwanaWaMakina

@BintiWaMajengo asante sana dada yangu. Wanawake wa Kibra ndio waliokibeba kijiji. Mwanamume yuko vitani, Tanganyika vita vya kwanza, Uhabeshi na Burma vita vya pili. Nani analima? Nani anakamua? Nyanya yangu alitembea na maziwa mpaka nyumba za Wazungu kabla jua halijachomoza. Na walikuwa na sanaa yao. Mkimwona mwanamke wa Kinubi amevaa gurbaba, nguo yetu ya kujifunga, siku ya harusi, na ngoma ya doluka inapigwa, hamtauliza tena kama Kibra ina utamaduni. Zile tabaga za rangi za kufunikia chakula zinasukwa kwa mkono wiki nzima. Halafu kisra, halafu gurusa, mikate yetu myembamba, na mchuzi wake. Nimeanza kuona njaa.

Kuhusu wanaume wa vitani: mjini Kenyatta Avenue kuna sanamu tatu za askari na wapagazi, zilizosimamishwa 1928. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Babu alikuwa akitupitisha pale makusudi, hata kama njia ilikuwa ndefu.

#6 NyumbaYaTatu_LainiSaba

Habari zenu. Mimi si Mnubi. Nimetoka Magharibi, nimeishi Laini Saba tangu 1988, watoto wangu wote wamezaliwa hapa. Nimesoma uzi huu wote na nimejifunza. Ila niulize kwa heshima: sisi tuko wapi kwenye hadithi hii? Maana kila ikisemwa "ardhi ya mababu", mpangaji anaanza kuangalia mlango. Mwaka 2001 tulichinjana hapa kwa sababu ya kodi ya nyumba. Niliona kwa macho yangu. Nyumba zilichomwa, za mwenye nyumba na za mpangaji. Sitaki historia iwe kiberiti.

#7 MwanaWaMakina

@NyumbaYaTatu_LainiSaba mzee wangu, shikamoo. Nimekaa na swali lako tangu jana usiku, sikutaka kulijibu haraka.

Uko sawa, na nimeandika kana kwamba kijiji kilikuwa na watu wa aina moja. Tangu 1988 si ugeni. Mwaka 2001 nilikuwa kijana mdogo, tulilala nyumba ya shangazi Ayany siku tatu, na wapangaji wetu, familia ya Kijaluo, walilala nasi humo humo. Mama alipika sufuria moja. Wenye nyumba na wapangaji hawakukubaliana juu ya kodi, na wengine wetu walikuwa wakali, hilo lazima niliseme. Kuna wenye nyumba wasiokaa Kibra kabisa, hawaijui hata Makina iko upande gani, wala si Wanubi, na hao nao walikusanya. Lakini moto haukuchagua.

Ninachokitafuta mimi ni hiki: mtoto wako aliyezaliwa Laini Saba ajue kwamba mahali alipozaliwa pana umri, na pana jina lenye maana. Hadithi ya askari wa Keya ni yake pia kwa kuwa anatembea juu yake. Na hadithi yako ya 1988 ni ya Kibra. Tena ningekuomba uiandike hapa.

#8 MpendaRamani

Naongeza kitu kinachonikera miaka mingi. Watu waliozoea kuja na kamera walikuwa wakiandika kwamba Kibera ina watu milioni moja, wengine milioni na nusu. Sensa ya 2009 ilihesabu 170,070. Mtu anaweza kubishana na sensa, sawa, lakini tofauti hiyo si ya kukosea kidogo. Watu hawakuona haja ya kuhesabu, wala hawakuona haja ya kuuliza jina.

#9 Mwanafunzi_wa_Lugha

Naomba maneno ya Kinubi! Nimesikia kuna linalochanganya na Kiswahili.

#10 MwanaWaMakina

@Mwanafunzi_wa_Lugha lipo. "Moyo". Kwa Kinubi moyo ni maji. Fikiria bibi harusi wa Kiswahili ameolewa Kibra, mama mkwe anamwomba moyo, naye anasimama mlangoni hajui ampe nini! Kwetu nyumbani kisa hicho kinasimuliwa kila arusi, na kila mara tunacheka upya. Watoto wetu wengi wa leo wanakielewa Kinubi lakini wanajibu kwa Kiswahili. Mimi mwenyewe nazungumza na wanangu kwa Kiswahili nikiwa na haraka, na huwa nina haraka karibu kila siku. Inabidi nijirekebishe.

#11 Bintiye_Fundi

Nairobi Dam! Baba yangu alikuwa fundi wa mashua pale. Palikuwa na klabu ya matanga, mashua ndogo nyeupe Jumapili, na sisi watoto tulikaa ukingoni tukihesabu. Mama alitukataza kuingia majini, tuliingia. Leo ukiniambia nimwonyeshe mwanangu, nitamwonyesha nini? Magugu maji kutoka ukingo hadi ukingo, na taka zinazoletwa na mto. Mto Motoine ndio unaoingia pale, ukitoka unaitwa Ngong. Bwawa liliwekwa liwe akiba ya maji ya jiji siku za shida. Nasema hivi kwa uchungu: maji yale yaliuawa na watu wengi, kuanzia juu kabisa mtoni, si watu wa Kibra peke yao kama inavyosemwa. Mabomba ya taka hayakujengwa, halafu mtu anashangaa uchafu ulifikaje.

#12 KijanaWaOlympic

Naomba na mimi. Nina miaka 24. Shule niliyosoma darasa la kwanza mpaka la nne haipo tena. Julai 2018 tingatinga zilipita kwa ajili ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Barabara naitumia, sitasema uongo, inafupisha safari. Lakini nikiwa kwenye matatu najua kabisa pale dereva anapobadilisha gia ndipo lilipokuwa darasa letu. Hakuna kibao, hakuna chochote. Shule ile ingehesabiwa kuwa alama ya kijiji au ni mpya mno?

#13 MwanaWaMakina

@KijanaWaOlympic inahesabiwa. Andika ilivyokuwa: mlango ulitazama wapi, kengele ilikuwa ya nini, nani alipika uji. Hiyo barabara ilipita pia penye nyumba za familia zetu, na zilizobomolewa zilikuwa za watu wa kila kabila.

Nimesahau reli, na mtu akiandika Kibra bila reli hajaandika. Njia ya Kisumu inakata kijiji katikati. Kabla ya simu za mkononi ilikuwa saa yetu: treni ya asubuhi ikipita, mtoto ambaye hajavaa sare alijua amechelewa. Ilikuwa njia ya miguu, soko la viatu na viazi karai, mahali pa kukutania. Mwanzoni mwa 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi, vijana waling'oa mataruma na vyuma, na Toi Market ikaungua yote. Wafanyabiashara wa Toi waliirudisha wenyewe. Mama mmoja jirani yetu aliyekuwa akiuza mitumba alianza tena na marobota mawili ya mkopo, na leo bado yuko pale, mstari ule ule.

#14 NyumbaYaTatu_LainiSaba

Marahaba kijana. Umenijibu vizuri, na nimempa mke wangu asome.

Nitaandika ya 1988 nikipata muda. Kwa sasa nakuongezea moja tu. Mwenye nyumba wangu wa kwanza alikuwa bibi wa Kinubi, mzee sana, Mungu amrehemu. Kodi ilikuwa ikichelewa, alikuwa ananiambia niketi kwanza ninywe chai. Aliwahi kunionyesha tuta la udongo upande wa chini, akasema askari walikuwa wakilenga huko na watoto walikuwa wakiokota maganda ya risasi wakauza shaba. Tuta hilo lilikuwepo mpaka miaka ya tisini. Sasa limejengewa, ila najua ni nyuma ya nyumba gani.

#15 MwanaWaMakina

Mzee wangu, unajua ulichoandika? Nimeuliza habari ya tuta hilo kwa miaka kumi. Baba anasema lilikuwapo, hakumbuki upande.

Jumamosi hii, ukiwa na nafasi, nitakuja baada ya adhuhuri. Nitaanzia Makina msikitini, nishuke kwa reli mpaka kwako, na @MpendaRamani kama unaweza njoo na ile ramani yako. Unionyeshe hiyo nyumba. Nitaleta majani ya chai na sukari.

#16 MpendaRamani

Nitakuwepo. Nachapisha ramani leo, kubwa, ili tuandikie juu yake kwa kalamu.

#17 Bintiye_Fundi

Mkifika upande wa Silanga, nipigieni kelele hapa. Nitashuka niwaonyeshe mashua zilikokuwa zikifungwa.